Umekata Mdomo, Umeacha Ulimi

“Kateni miguu, sina ugomvi! Kateni sigara, kateni bafu, kateni na lile busu la pale ngazini! Lakini hilo neno hamligusi, Bwana Purvis. Hilo si la mwigizaji. Hilo ni langu.”

Opal Reddick alikuwa amesimama katikati ya chumba chetu cha kukatia filamu, glavu nyeupe mikononi, akimpungia mkuu wetu wembe kama mtu anayefukuza nzi. Bwana Purvis alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi, na wembe ulikuwa unapita karibu na tai.

“Lako kivipi, Bi Opal? Ulilinunua?”

“Nililisema mimi. Kwa mdomo wangu huu.”

“Hata kama ungelizaa! Karatasi ya wakaguzi inasema neno litoke. Lisipotoka, nakala haziendi. Nakala zisipoenda, studio haili. Studio isipokula, unajua nani atatangulia kufa njaa?”

“Si wewe,” nikasema kutoka mezani kwangu. “Wewe una akiba hapo mbele.”

Wenzetu wakacheka na glavu zao midomoni. Bwana Purvis hakucheka. Akamnyooshea Opal kidole.

“Nakala zote sita utazikata wewe mwenyewe. Na nikiletewa lalamiko hata moja juu ya filamu hiyo, wembe huo uende nao ukakatie nyasi.”

Akatoka. Mlango wetu ulikuwa wa chuma, kwa sababu filamu hushika moto kuliko petroli, na alipoubamiza kuta zote zililia. Opal akaketi. Akauweka wembe chini polepole, akautazama.

Hiyo ilikuwa Agosti ya mwaka 1934, hapa Hollywood, katika studio ndogo ambayo jina lake halina faida kulitaja. Mimi naitwa Minnie Haupt. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Fresno, nikaenda kufungasha zabibu kavu, kisha nikaja huku, na kwa miaka mitano meza yangu ilikuwa ubavuni mwa meza ya Opal. Watu wakizungumzia wanawake majasiri wa sinema za miaka ile, huwataja waigizaji. Sawa, wawataje. Mimi nitamtaja mwanamke aliyevaa koti la kazi la pamba, aliyekula sardini za kopo kila mchana, na ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye filamu yoyote.

Opal alizaliwa Plum Fork, Nebraska, mahali ambapo, kwa maneno yake, hata upepo hupita bila kusimama. Akiwa na miaka kumi na minane aliolewa na Orville Reddick, muuza mbegu. Orville hakumpiga wala hakulewa. Tabu yake ilikuwa moja: akiuliza swali, alilijibu mwenyewe.

“Utakula mayai, Opal? Atakula mayai,” Opal alikuwa akimwigiza, kidevu chini, sauti ndani ya shati. “Umechoka, Opal? Hajachoka. Tuweke pazia la kijani? Anapenda la kijani.”

“Ulikuwa unalipenda?”

“Minnie, sijui hata leo! Sikupata nafasi ya kujua.”

Miaka tisa aliishi hivyo. Siku moja ya mwaka 1926 aliweka kikaratasi chini ya bakuli la sukari, “Nimekwenda California,” akapanda treni na sanduku moja. Hakuandika kama anarudi au harudi. Basi Orville akalijibu na hilo pia. Kanisani aliwaambia watu kuwa mkewe amekwenda kutafuta hewa ya jua kwa ajili ya mapafu, na kila Krismasi alimwandikia barua moja, ile ile: “Mapafu yakipona utarudi.”

Barua nane zilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Hakuwahi kuijibu hata moja.

“Mwandikie humtaki, yaishe,” nilimwambia mara nyingi, maana mimi sina subira na mambo ya kopo la biskuti.

“Nikishika kalamu namsikia akinijibia. Nikifika mstari wa tatu najikuta nimekubali.”

Wanasema anayenyamaza amekubali. Aliyeanzisha msemo huo nadhani alikuwa anauza mbegu.

Sasa, kazini Opal hakuwa mtu wa kunyamaza, na nadhani filamu zenyewe ndizo zilizomfundisha. Kwa miaka mitano, tangu picha zianze kusema, sisi tuliunga filamu za wanawake ambao hawakumwogopa mtu. Mwanamke anamfungia mume nje na kubaki na kitanda. Karani anakalia kiti cha tajiri wake na kuweka viatu juu ya meza. Mjane anacheka kwenye matanga ya mumewe kwa sababu anamjua marehemu kuliko mchungaji anayemsifu. Mwigizaji Roxane Leland ndiye aliyekuwa hodari wao katika studio yetu. Tulimtazama kipicha kwa kipicha juu ya kioo chenye taa, tukaanza kuinua nyusi kama yeye. Nilimwinulia mwenye nyumba wangu, akatengeneza bomba siku ile ile.

Katika filamu ya mwaka 1932 Roxane alikuwa mke anayemwacha mume. Mwishoni anasimama mlangoni na sanduku, anageuza uso, anasema neno moja: “Sirudi.” Mume, ambaye humwoni, anajibu kutoka ndani ya nyumba: “Utarudi.” Anamalizia na hotuba ndefu juu ya wanawake, na Roxane anaisikiliza yote mdomo umefungwa, kisha anaondoka. Kamera muda wote iko usoni mwake.

Shida ilikuwa gauni. Walimvika gauni la shanga za kioo, na alipogeuka shanga zikalia kama mvua juu ya bati. Neno likazama humo. Kosa lilipogunduliwa Roxane alikuwa melini anakwenda Ulaya. Fundi wa sauti akaja chumbani kwetu.

“Nani hapa ana sauti nzito kama ya Roxane?”

Tulimnyooshea Opal kidole sote. Alikuwa anavuta sigara nje ya geti kila mapumziko, na kahawa yake ingeweza kusimamisha kijiko.

Akaenda na koti lake la kazi na glavu zake. Wakamweka mbele ya maikrofoni, wakamwonyesha ule mdomo kwenye pazia, wakamwambia ukifunguka, sema. Fundi alijitayarisha kurudia mara ishirini. Opal alisema mara moja. Fundi akavua visikilizio, akamwuliza, “Bi, uliwahi kuigiza?”

Aliporudi mezani alinivuta mkono.

“Minnie, nimemjibu.”

“Nani?”

“Orville.”

Lakini jibu halikufika. Jumba la sinema la Plum Fork lilikuwa bado halina mashine ya sauti, na filamu ile ilizunguka Nebraska nzima ikawaruka. Ndiyo maana siku ile ya Agosti aliwaka hivyo. Asubuhi alikuwa ameona orodha. Filamu inatolewa upya, nakala ya nne inakwenda ofisi ya Omaha, huko huko Nebraska, na Jumamosi ya pili ya Septemba itaonyeshwa Plum Fork, ambako sasa wana mashine mpya na ambako Orville huenda sinema kila Jumamosi kama wengine wanavyokwenda kinyozi. Na saa nne ya asubuhi hiyo hiyo ikaja karatasi ya wakaguzi: neno “Sirudi” litoke.

Sheria za maadili ya filamu zilikuwa zimekazwa mwezi uliotangulia. Wakaguzi walitaka yule mke asiseme kitu. Asimame mlangoni kimya, mume aseme “Utarudi,” na watu watoke ukumbini wakijua karudi, mayai ameyala, pazia la kijani kalipenda.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, bila hilo hamtaelewa lililotokea. Kwenye mkanda wa filamu sauti haikai kando ya mdomo unaoitoa. Mashine ya kuonyeshea hutazama picha juu na kusikiliza sauti chini, kwa hiyo sauti huandikwa vipicha ishirini mbele, muda usiofika sekunde. “Sauti ni kama mbwa,” Opal alinifundisha. “Ukimwona barabarani, mwenyewe bado yuko nyuma anakuja.” Mgeni asiyejua anaambiwa aondoe neno, anatafuta mdomo uliofunguka, anakata hapo hapo. Picha ya mdomo inatoka. Neno linabaki, linasikika juu ya mdomo uliofungwa, na kinachopotea ni neno la mtu mwingine aliyesema baadaye. Kosa hilo tuna jina lake: umekata mdomo, umeacha ulimi. Na lina adhabu yake. Kila mkataji ana msumari ukutani anakotundika vipande alivyovitoa. Aliyekosea anabandikwa kile kipande chake kifuani kwa pini, na anatembea nacho mchana kutwa hadi kwenye foleni ya chakula.

Mimi kosa hilo lilinipata wiki yangu ya kwanza. Tena nilikuwa nimekuja bila glavu, nikadhani kazi ya filamu ni ya mikono mitupu kama zabibu. Opal alinipa jozi yake moja.

“Utanirudishia.”

Nilizitoboa kwa wembe mwezi haujaisha. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa bila kukosa:

“Glavu zangu?”

“Zinakuja.”

“Kwa miguu?”

Miaka mitano. Ningeweza kumnunulia nyingine, hata yeye alijua. Lakini basi Ijumaa angekuwa na nini cha kusema?

Basi Opal akakata nakala zile sita. Alikata ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaruka, ya tano, ya sita. Safi zote. Ukizitazama, mke yuko kimya, mume anasema “Utarudi.” Ya nne akaifanya mwisho. Akapaka gundi ile inayonukia ndizi iliyoiva kupita kiasi, akabana, akahesabu hadi kumi, akanisukumia mezani niikague.

Mkanda wa sauti ukiuzoea unasomeka. Neno lina umbo lake pembeni, mistari kama meno ya kitana. Nilifika kwenye kiungo, nikaona kipo vizuri, laini, kazi ya Opal. Kisha nikaona meno ya kitana mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo. Nikahesabu vipicha kwa kidole. Nikahesabu tena. “Sirudi” ilikuwa imelala pale, nzima, hata nywele haijaguswa. Kilichoondoka ni “Utarudi.”

Opal alikuwa anafuta wembe kwa kitambaa.

“Opal.”

“Eeh.”

“Hii ya nne umeihakikisha?”

“Nimeihakikisha.”

“Vizuri?”

“Minnie,” akasema bila kunitazama, “miaka minane hapa nimewahi kukosea?”

“Hujawahi.”

“Basi.”

Kila kopo la filamu lina kadi inayobaki kwa mtu wa mizigo, yenye mistari miwili: aliyekata, aliyekagua. Kadi tano zilikuwa na herufi zake. Ya nne ilikuwa bado. Alikwenda kunawa mikono, na nilijua akirudi ataandika O.R. kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha kazi yake. Na mtu mwenye tai fupi alikuwa amekwisha kumwambia kuhusu nyasi. Opal hakuwa na mume wa kumtegemea ila yule asiyemtaka. Mimi nilikuwa na kaka mwenye duka la mikate Pasadena, na isitoshe Bwana Purvis alikuwa akiniogopa kidogo.

Nikachukua kalamu, nikaandika M.H. juu na M.H. chini, nikafunga kopo, nikalipeleka mwenyewe kwa mtu wa mizigo. Opal alipouliza kadi iko wapi nikamwambia imekwenda, kwani kadi yako ina nini cha kuangalia, ina picha ya harusi?

Jumamosi ile ya Septemba alikula sardini zake akaacha nusu kopo.  

Jumatatu Bwana Purvis aliingia na telegramu kutoka Omaha, akaisoma amesimama mlangoni.

“‘Nakala ya nne. Mwanamke anasema mdomo umefungwa. Jibu la mume halisikiki. Watazamaji wanapiga makofi. Rekebisheni.’” Akairudia sehemu ya makofi kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akatoa kadi mfukoni. Opal alikuwa ameshaanza kuinuka. “M.H.,” akasema Bwana Purvis. “Minnie? Wewe?”

“Mimi.”

Opal akabaki katikati, hajasimama, hajakaa.

“Miaka mitano hapa, umekata mdomo ukaacha ulimi? Kama mtoto wa juzi? Na mimi nilisema akate Bi Opal!”

“Alichoka, nikamsaidia ya mwisho. Macho yangu, Bwana Purvis. Umri huu.”

“Macho! Juzi si wewe uliyeona doa la kahawa kwenye tai yangu ukiwa huko dirishani?”

“Doa lilikuwa kubwa.”

Akapumua kwa pua. “Haya. Kipande kiko wapi?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kipande hukaa kwenye msumari wa aliyekata. Msumari wangu ulikuwa na vipande viwili vya farasi. Bwana Purvis akautazama msumari, akanitazama mimi, akaanza kugeuza kichwa taratibu upande wa meza ya Opal.

“Kiko hapa,” Opal akasema. Alikuwa amekwisha kukitoa kwenye msumari wake, vipicha kumi na sita, mdomo wa Roxane ukifunguka kidogo kidogo.  “Nilimwekea. Wake umejaa.”

“Umejaa,” akasema Bwana Purvis, akiangalia farasi wangu wawili.

“Pomoni,” nikasema.

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kuzungusha mikanda. Bwana Purvis alitutazama mmoja mmoja. Siwezi kusema alifikiri nini. Akachukua kipande na pini, akanibandika kifuani, taratibu kabisa asinichome.

“Wiki nzima,” akasema. “Na nakala irudishwe ikatwe upya.” Akatoka, na safari hii mlango hakuubamiza.

Nilitembea na “Sirudi” kifuani siku sita. Kwenye foleni ya chakula mabibi wa idara ya mavazi walinizomea, “Minnie, ulimi umeachwa wapi?” nami nikawatolea wa kwangu. Opal hakunishukuru. Kila asubuhi alikuwa akininyooshea ile pini iliyopinda, basi, kisha anarudi mezani kwake.

Kifurushi kilifika wiki tatu baadaye, Ijumaa. Alikifungulia kwenye benchi nje ya geti, saa ya chakula, mimi nimeshika sandwichi yangu ya yai. Kamba ilikuwa imefungwa kwa mafundo ya muuza mbegu. Ndani mlikuwa na koti lake la baridi lililopigwa brashi, kitabu cha nyimbo cha mama yake, kijiti cha kusukumia unga, na juu kabisa, ndani ya karatasi laini, glavu zake nyeupe za kanisani. Na barua. Akaisoma, akanipa.

“Opal. Nilikuwa safu ya tatu. Mdomo wa yule mwanamke ulikuwa umefungwa, ndipo nikajua ni wewe unayesema. Ungefunguka ningedhani ni yeye. Vitu vyako hivi. Kanisani nimewaambia ukweli. Je, mapafu yako hayajambo?”

Niliigeuza nyuma. Hakukuwa na kitu.

“Mbona hajajibu?” nikauliza. “Ameuliza mapafu, jibu liko wapi?”

“Hajalijibu,” Opal akasema. Aliichukua tena, akaweka kidole juu ya ile alama ya kuuliza mwishoni. “Minnie, angalia. Ameniachia mimi.”

Machozi yalimtoka, akayafuta na mkono wa koti la baridi, katika jua la California. Nami nilikula sandwichi yangu haraka haraka kwa sababu mtu mwenye yai mdomoni halii. Kisha akaomba kalamu. Aliandika pale pale, karatasi juu ya kitabu cha nyimbo, na alipita mstari wa tatu bila kusimama.

Kengele ilipolia tuliinuka. Alivaa zile glavu za kanisani, zilizokuwa na kifungo kidogo kama punje kwenye kila kifundo cha mkono, akakunja na kukunjua vidole. Zilimtosha bado. Nikakumbuka ni Ijumaa, nikamwahi.

“Zinakuja, zinakuja,” nikasema.

“Acha zisije,” akasema Opal, akinishika kiwiko tuingie ndani. “Orville keshalipa.”